Hasira hizi ni zangu au ni za tezi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Iringa, nina miaka 33, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka sita. Naomba jina langu usiliandike, utaelewa kwa nini.

Baba yangu alifariki Machi mwaka jana. Kufika Mei nikaanza kukonda. Kula nilikuwa nakula kuliko dereva wa lori, lakini sketi zinanivuka. Juni, unajua baridi ya huku, watu wanalala na mablanketi mawili, mimi nayatupa yote natoka jasho. Mume wangu akaanza kuuliza kwa nini nimehamia upande wa ukutani. Moyo ulikuwa unadunda mpaka nausikia kwenye mto. Siku moja nafundisha hesabu za sehemu darasa la nne, nikachora ule mstari wa katikati, ukapinda kama nyoka. Nikafuta, nikachora tena, ukapinda. Mtoto wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, mkono wako unacheza." Wenzake wakacheka, nami nikacheka.

Halafu zikaja hasira. Asubuhi moja mwanangu alimwaga uji kwenye shati la shule, nikamfokea mpaka akajikojolea. Shangazi, mimi sikuwa hivyo.

Mawifi walianza kunong'ona kuhusu kukonda kwangu, unajua wanachofikiria watu mtu akikonda. Nimepima mara mbili, sina. Hospitali ya kwanza waliniambia ni msongo wa mawazo kwa sababu ya msiba, wakanipa vitamini. Oktoba nikaenda kwingine. Daktari akanitazama macho na shingo, akaniambia ninyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka kama jani. Damu ikaonyesha TSH iko chini sana na T4 iko juu. Akasema tezi yangu ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi, ugonjwa unaitwa Graves. Nikaanza kabimazoli na propranololi. Ile ya pili niliambiwa niiache mapema Desemba, kabimazoli niendelee miezi 12 hadi 18. Na akasema nisibebe mimba kwa sasa, nikachomwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu.

Haya yote mume wangu hayajui. Bibi mzaa mama alikuwa na rovu kubwa shingoni, nakumbuka watoto wa kijijini walivyokuwa wakimcheka. Nikisema ninaumwa tezi, ukweni watasema wameoa ukoo wa marovu. Kwa hiyo vidonge nimevificha kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Mume wangu anataka mtoto wa pili, kila mwezi ananiuliza "vipi?" nami namjibu "bado". Sindano nimeshachoma mbili.

Dada yangu peke yake ndiye anayejua. Anasema huu ni msongo wa kufiwa, niache hizo sumu niombe Mungu. Rafiki yangu naye anauza unga wa mwani kutoka Zanzibar, amenitumia ujumbe kwamba "adrenali zangu zimechoka" na kwamba madini joto ya baharini yanaponya tezi yoyote. Ananishawishi pia kwa vidonge vya kukuza nywele kwa sababu zangu zinakatika. Pakti moja ya mwani nimeinunua, shilingi 35,000, sijaifungua.

Desemba tulikwenda ukweni wiki mbili, sikuwa na pa kuficha dawa, sikunywa. Sikusikia chochote, nilijisikia vizuri tu. Ndiyo maana nimeanza kuwaza labda dada yuko sahihi. Nimepima tena Februari, T4 imerudi kawaida lakini TSH bado iko chini, na daktari anasema niendelee.

Shangazi, nimechoka. Niache dawa nizae kwanza, matibabu yaje baadaye? Au nimwambie mume wangu? Na huyu anayefoka nyumbani, ni mimi au ni tezi?

Mwalimu, Iringa

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba wa baba, na pole kwa mwaka mzima wa kubeba mzigo huu peke yako.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye ule mstari wa sehemu ubaoni. Nilikuwa muuguzi miaka 26, wodi za akina mama zaidi, na nimewaona wengi waliogundulika kwa vitu vidogo namna hiyo: sindano haiingii uzi, kikombe kinagonga kisahani mbele ya wageni. Lakini mimi si daktari wa homoni na vipimo vyako sijaviona, kwa hiyo ninayoyasema hapa yapeleke kliniki ukabishane nayo huko.

Umeniuliza maswali matatu. Mimi naona yana mzizi mmoja. Unataka mtu akuamulie kama huu ni ugonjwa au ni msongo, kwa sababu ukiwa ugonjwa kuna dawa, ukiwa msongo dada yako ana haki. Sasa nikuulize: nani alisema lazima iwe kimoja?

Tuanze na tezi yenyewe. Iko mbele ya shingo chini ya kongomeo, ina umbo la kipepeo, na kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 tu. Inachukua madini joto kutoka kwenye chakula na kutengeneza T4 na T3, homoni zinazoamua mwili uunguze nguvu kwa kasi gani. Haijiendeshi yenyewe. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ambayo naifananisha na mama aliyekaa sebuleni akisikiliza maharage yanavyochemka. Moto ukipoa anaita, "Chochea!" Huo wito ndio TSH. Moto ukizidi, ananyamaza. Kwenye ugonjwa wa Graves, kinga ya mwili inatengeneza chembe zinazoiga sauti ya yule mama. Yeye amekwisha kunyamaza, ndiyo maana TSH yako imeshuka, lakini jikoni bado wanasikia "Chochea! Chochea!" na mkaa unaongezwa.

Kwa hiyo TSH kubaki chini Februari huku T4 imerudi kawaida si dalili kwamba dawa imeshindwa. Mama aliyenyamaza muda mrefu huchelewa kuanza kuita tena. Wiki, wakati mwingine miezi. Lakini hebu nikuulize, kabla ya kile kipimo ulikuwa umeshaonja vile vidonge vya nywele? Vingi vina biotini, aina ya vitamini, kwa wingi, na biotini huvuruga mashine nyingi za maabara, T4 ikaonekana iko juu na TSH chini wakati sivyo. Kama ulivimeza, mwambie daktari. Nywele kukatika nako ni kwa tezi hiyohiyo, na kwa kawaida huota tezi ikitulia.

Msongo je? Juu ya kila figo kuna tezi nyingine, adrenali. Ukisikia mlango unagongwa usiku wa manane, adrenalini inamwagika na moyo unaruka papo hapo. Hatari ikipita, inaisha kwa dakika. Nyuma yake inakuja kotisoli, ya taratibu zaidi, inayopandisha sukari ya damu ili uwe na nguvu za kuhimili. Kotisoli ina ratiba yake: huwa juu karibu na muda wa kuamka, na chini kabisa karibu na usiku wa manane. Msongo mrefu, kama wa kufiwa, huvuruga ratiba hiyo, na usingizi unakwenda nayo.

Hapo ndipo mambo yako mawili yanapokutana. Homoni ya tezi ikizidi, moyo na misuli huwa na masikio makali kwa adrenalini. Adrenalini yenyewe inaweza kuwa ya kawaida kabisa, lakini mwili unaisikia kama kelele. Uji umemwagika, na mwili unapokea habari hiyo kama simba ameingia sebuleni. Propranololi uliyopewa kazi yake kubwa ilikuwa kuuziba moyo masikio, wakati kabimazoli ikizuia homoni mpya isitengenezwe.

Kwa hiyo yule aliyefoka mwaka jana? Tezi ilikuwa na mkono mkubwa, usijihukumu kama mtu aliyekuwa mzima. Anayefoka leo, T4 ikiwa kawaida, sijui kama naweza kumwekea tezi mzigo wote. Hisia huchukua miezi kutulia hata damu ikishatulia, hilo ni kweli. Lakini pia una baba ambaye hujapata nafasi ya kumlilia, na kila mwezi kuna swali la "vipi?" unalolijibu kwa uongo. Hayo nayo yanaamsha adrenali, na hayatibiki kwa kabimazoli. Mwanao wa miaka sita wala hahitaji tumalize mjadala huu. Kumwambia "siku ile mama alikuwa anaumwa, na alikosea kukufokea" hakusubiri majibu ya maabara.

Dada yako usimkasirikie. Mawazo yake ni ya zamani kuliko anavyojua. Daktari Mwingereza, Caleb Parry, ambaye maandishi yake kuhusu ugonjwa huu yalichapishwa 1825 baada ya kifo chake, alieleza habari za msichana wa miaka 21 aliyerushwa kutoka kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa kikishuka mlima kwa kasi. Hakuumia sana ila alishtuka vibaya, na tangu siku hiyo moyo ukawa unamwenda mbio na tezi ikaanza kuvimba. Miaka 10 baadaye Robert Graves wa Dublin akaandika yake, jina likabaki kwake. Na mpaka leo wagonjwa wengi husimulia msiba au mshtuko uliotangulia. Tatizo ni kwamba ugonjwa huu huanza kimyakimya, na ukishaanza wenyewe unaleta wasiwasi na ugomvi, hivyo ni vigumu kujua nini kilitangulia. Urithi umo pia, na wanawake tunapata zaidi ya wanaume. Tuseme msiba wa baba ulisukuma mlango. Chembe zinazochochea jiko zimekwisha kuingia ndani, na hazitoki kwa kuambiwa mlango ulifunguliwa na nani. Kuomba Mungu hakugombani na kidonge. Nimewaona wengi wakifanya yote mawili kwa glasi moja ya maji.

Kuna njia moja ya kutofautisha tuliyofundishwa sisi wauguzi wa zamani: hesabu mapigo ya mgonjwa akiwa usingizini. Mwenye msongo tu, akilala moyo hushuka. Mwenye tezi iliyozidi, hata akikoroma moyo bado unakimbia, 90, 100 na zaidi. Hiyo nitairudia.

Sasa zile wiki mbili za Desemba, maana naona ndizo zilizokupa moyo wa kuacha. Mwanangu, kila homoni ina saa yake. Adrenalini ni ya dakika. Kotisoli nusu yake huondoka kwenye damu kwa saa moja hivi au saa na nusu. T4 nusu yake huchukua kama siku saba. Ukiacha dawa leo, kesho hutasikia kitu. Wiki ijayo pengine hutasikia kitu. Moto unapanda polepole chini ya sufuria iliyofunikwa. Ulirudi kwenye dawa kabla sufuria haijafurika, ndivyo ninavyolisoma mimi, na daktari anaweza kulisoma vingine ukimwambia. Maana nadhani hukumwambia.

Bibi yako na lile rovu. Hapa naona aibu inakubana kwa kosa ambalo si lenu. Nyanda zetu za juu kusini, kama milima mingi duniani, udongo wake hauna madini joto ya kutosha, mvua zimeyaosha. Tezi ikikosa malighafi, mama sebuleni anaita bila kuchoka na tezi inavimba kwa kujitahidi. Bibi zetu wengi walikuwa nayo, pengine hata bibi wa mumeo. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 chumvi ya nchi hii inatakiwa iwe na madini joto. Lile la bibi lilikuwa la njaa ya tezi. Lako ni la tezi kuchochewa. Yanakaa shingo moja lakini si ndugu.

Na ndiyo maana ule mwani unanitia wasiwasi. Sina ugomvi na mwani wala na akina mama wa Paje wanaoulima kwa jasho. Lakini mwani hubeba madini joto, na kiasi hutofautiana sana kutoka aina moja hadi nyingine. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Pakti isiyoandikwa kiasi inaweza kukupa mara nyingi zaidi ya hapo, na kwa tezi kama yako hayo ni kumwaga mkaa juu ya moto. Hata kabimazoli hupata kazi kubwa zaidi. Kuhusu "adrenali kuchoka", upo ugonjwa wa kweli wa adrenali kushindwa kazi, unaitwa Addison, ni hatari na una vipimo vyake. Hiyo ya kuchoka ya kwenye simu, madaktari wa homoni hawaitambui kama ugonjwa. Rafiki yako hakudanganyi kwa makusudi, naamini, lakini ana mzigo wa kuuza.

Tuje kwa mtoto, ambako moyo wako uko kweli.

Kuacha dawa na kubeba mimba kwanza inaonekana njia fupi. Mimi ndiyo inayoniogopesha kuliko zote. Tezi iliyozidi bila kudhibitiwa huongeza uwezekano wa mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, presha ya ujauzito, na moyo wa mama kushindwa. Upande wa pili, kabimazoli yenyewe katika wiki za mwanzo za mimba inaweza kuleta kasoro kwa mtoto, si kwa wengi, lakini ipo. Ndiyo maana uliambiwa usubiri. Ipo dawa nyingine, propilthiourasili, ambayo madaktari huipendelea mwanzoni mwa mimba, ingawa nayo mara chache hudhuru ini, na haipatikani kila duka. Muulize daktari wako kama ipo Iringa. Na ikitokea umeshika mimba bila kutarajia, usiache dawa kimyakimya wala usiendelee kimyakimya, nenda siku hiyohiyo.

Unaweza kumaliza miezi 12 hadi 18 halafu ujaribu. Ujue tu kwamba karibu nusu ya wagonjwa tezi huwarudia baada ya kuacha vidonge, hivyo si ahadi. Wapo wanaochagua kumaliza kazi kwa upasuaji, ambao una hatari ndogo kwa mshipa wa fahamu wa sauti, na sauti kwa mwalimu ni jembe. Wengine hunywa madini joto ya mionzi, ambayo hapa nchini hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam. Jina la taasisi linatisha kwa sababu ni ya saratani, lakini anayepelekwa kule kwa Graves hapelekwi kwa sababu ana saratani. Baada ya mionzi utasubiri angalau miezi sita kabla ya mimba, na kama macho yako yameathirika inaweza kuyazidisha. Kwa njia zote mbili huenda ukameza kidonge cha homoni kila siku maisha yako yote, kidonge ambacho mjamzito anaruhusiwa. Mwingine ataona hiyo ni afadhali, mwingine ataona ni kifungo. Wewe una miaka 33, muda upo, ila si wa kuuchezea. Na ile sindano, uzazi huweza kuchelewa kurudi miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo kabla ya kuchoma ya tatu uliza njia nyingine.

Unaona sasa? Kila njia hapo ina kalenda, na kalenda hiyo ni ya watu wawili, lakini anayeisoma ni mmoja.

Kuhusu mumeo sitakuamulia. Hujaniambia akikasirika huwaje. Kama mkono wake ni mwepesi, au unaogopa kufukuzwa, basi ukimya wako una sababu, na uanze na mtu mwingine wa kukusimamia: mzazi, mchungaji au shehe, au muuguzi wa kliniki akamweleze mbele yako. Lakini barua yako inanionyesha mwanamume anayeuliza kwa nini umehamia upande wa ukutani. Huyo kwangu hajasikika kama adui. Wewe unadhani unamlinda asikie neno rovu. Yeye huenda usiku anawaza kuna mwanamume mwingine, au kwamba una ule ugonjwa wanaounong'ona mawifi. Kusema kuna hatari yake, ataumia kwa sindano ulizomficha, na ana haki ya kuumia. Kutosema kuna hatari ya kopo la maziwa kufunguliwa siku wageni wakitaka chai.

Ukiamua kusema, si lazima uanze na rovu wala sindano. Kuhesabu mapigo yako ukiwa usingizini huwezi kufanya mwenyewe. Anaweza yule mnayelala naye. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, simu ikihesabu sekunde 60. Mwombe akuhesabie usiku tatu aandike, upeleke kliniki. Ataomba sababu, na mazungumzo yatakuwa yameanza.

Jambo moja lisisubiri uamuzi wowote: kabimazoli mara chache hushusha chembe nyeupe za damu. Ukipata homa na koo kuuma, au vidonda mdomoni, simamisha dawa, nenda siku hiyohiyo ukapime picha nzima ya damu. Natumaini uliambiwa.

Na ile pakti ya 35,000, usiitupe wala usiifungue. Itie kwenye mkoba siku ya kliniki, umwonyeshe daktari, na umweleze za Desemba.